Mtoto wa miaka sita: judo, jujitsu au mieleka ya ufukweni?

Mama wa wawili, Fuoni, Unguja

Assalamu alaykum. Nina kijana wa miaka sita, kilo 19, na dada yake wa miaka minane, kilo 26. Kutwa wanakamatana na kupigana mitama, na sakafu ya nyumba ni saruji. Nimeona bora wafundishwe na anayejua.

Karibu yetu nimepata sehemu tatu. Ya kwanza ni judo, ule mchezo wa Kijapani wa kushikana na kurushana, siku tatu kwa wiki, saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili kasorobo, watoto wa rika zote pamoja. Ya pili ni jujitsu ya Kibrazili, siku mbili, ndani ya ukumbi wa mazoezi ya watu wazima. Ya tatu ni vijana wanaofundisha mieleka na sarakasi ufukweni asubuhi za Jumamosi na Jumapili, bila ada.

Mchezo wenyewe siujui, naujua ule wa mieleka ya kwenye televisheni tu. Miaka sita si mapema mno? Nikienda kutazama darasa nitazame nini hasa? Na binti yangu anavaa hijabu, anaweza kushiriki kama ilivyo?

Mwalimu wa judo, Mjini

Wa alaykum salaam, mama. Tuanze na hiyo ya televisheni, maana ndiyo watoto wanayoiga. Pale anayerushwa anajua tangu mwanzo atarushwa wapi, na jukwaa limejengwa linesenese. Mtoto akimbeba mwenziwe vile juu ya saruji, kisogo ndicho kinachofika chini. Mwambie hivyo hivyo, anaelewa.

Miaka sita si mapema, ila darasa la umri huo liwe la dakika 45, lisizidi saa moja, na sehemu kubwa iwe michezo: kuvutana mkanda, kutambaa kama kaa, kumtoa mwenzako nje ya duara huku nyote mmepiga magoti. Ukikuta watoto wa miaka sita wamepanga mstari wanarudia mbinu moja nusu saa nzima, hapo pana mwalimu anayefundisha watoto kama watu wazima.

Cha kutazama kuliko vyote ni namna wanavyofundishwa kuanguka. Wajapani wanaita ukemi. Mpangilio wake ni huu, na mwalimu mzuri haruki hatua. Kwanza mtoto analala chali, kidevu kifuani, macho yanatazama fundo la mkanda wake, mikono yote miwili inapiga mkeka kwa viganja, imenyooka, ikiwa mbali kidogo na mbavu, si sambamba na mabega. Akishaweza hivyo wiki nzima bila kichwa kugusa chini, anaanza kutoka kwenye kuchutama. Kisha kusimama. Kisha kuanguka ubavu, kulia na kushoto. Mwisho kubingirika mbele juu ya bega.

Wanakosea mahali pawili. Mmoja anaachia kidevu, kisogo kinagonga. Mwengine anarudisha mkono nyuma kujizuia, na huyo ndiye anayekwenda hospitali: mfupa wa mkono juu kidogo ya kiwiko kwa watoto wa miaka mitano mpaka saba ni mwembamba, na kuangukia mkono ulionyooka ndiyo njia yake ya kawaida ya kuvunjika. Anayeangukia ncha ya bega anavunja mtulinga. Mikono inayopiga mkeka si mbwembwe wala kelele. Inamzoesha mtoto kutojishikilia kwa kiganja.

Kwa hiyo kaa pembeni uhesabu. Katika dakika 45 za wanaoanza, kuanguka kuchukue angalau dakika kumi, kila siku, hata kwa wale wa mkanda wa njano, walioshapanda daraja. Na muulize mwalimu: "Mtoto mpya anarushwa baada ya muda gani?" Jibu linaloridhisha ni "anapoweza kuanguka mwenyewe", nalo kwa miaka sita huchukua mwezi au miwili. "Wiki ijayo" si jibu.

Msinione nakuza mambo. Japani, kwenye asili ya mchezo, zaidi ya wanafunzi 100 walifariki katika judo za skuli kuanzia 1983 mpaka 2011. Wengi walikuwa wanaoanza, waliumia kichwa, na mbinu iliyotajwa sana ni osoto gari, yaani ule mtama mkubwa wa nyuma ambao watoto wetu wanaupiga uani bila hata kufundishwa. Anayepigwa anakwenda chali moja kwa moja, na asiyejua kukunja kidevu hana kinga. Mwalimu wa watoto wadogo aanze na mbinu za nyonga zinazofanywa polepole huku anayerusha amemshika mwenziwe mkono mpaka chini, au aanze kwa magoti.

Mkeka nao uangalie. Tatami za judo kwa kawaida ni mita moja kwa mbili, unene sentimita nne. Piga goti juu yake kwa uzito wako wote: ukisikia saruji, hautoshi kurushia. Pitisha kidole kwenye maungio, kikiingia basi na kidole cha mguu cha mtoto kitaingia. Godoro la sponji lisikudanganye kwa ulaini wake, mguu unazama, mwili unageuka, goti linabaki. Pembeni ya eneo la kurushana pawe wazi mita mbili mpaka kwenye ukuta au nguzo.

La uzito: kilo mbili au tatu za tofauti kwa mtoto wa kilo 19 zinatosha, zisizidi. Darasa la rika zote linanitia wasiwasi kwa sababu hiyo, si kwa sababu ni baya lenyewe. Nenda ukaone nani anashikana na nani.

Mtu wa jujitsu, Bububu

Mwalimu kaeleza vizuri suala la kuanguka, naongeza la chini. Jujitsu ya Kibrazili imetokana na judo ya zamani, ila muda mwingi unatumika sakafuni: kumbana mwenzako, kutoka chini yake, kumgeuza. Kwa mtoto mdogo faida ni kwamba pambano linaanzia kwenye magoti, kwa hiyo hakuna kimo cha kuangukia. Hasara ni kwamba kuna kabali na kukunja viungo, na hapo ndipo umbane mwalimu kwa maswali.

Kwa miaka sita: hakuna kabali. Hakuna kukunja kiwiko, hakuna kugusa mguu wala goti kwa kuupinda, hakuna kuvuta kichwa. Wabane tu, wahesabu mpaka tano, wabadilishane. Hata mwalimu akisema "wanafanya taratibu", mtoto wa umri huo hajui nguvu yake na wala hajui kuwa maumivu ya kiungo hufika yamechelewa. Kiwiko kikishauma kimeshapita mahali pake.

Alama ya kuomba kuachwa wafundishwe siku ya kwanza: kupiga kofi mara mbili kwenye mwili wa mwenzako, au kwenye mkeka, au kusema "basi" kama mikono imebanwa. Tazama mwalimu anafanya nini mtoto akichelewa kuachia. Akimtoa nje ya mkeka palepale, hata kama aliyebanwa hakulia, umepata mwalimu. Akicheka na kusema "kaza moyo", ondoka.

Jambo jingine la kukagua haraka ni mikanda. Katika jujitsu watoto mpaka miaka 15 wana rangi zao: nyeupe, kijivu, njano, chungwa, kijani. Bluu inaanzia miaka 16. Ukikuta mtoto wa miaka minane kavaa bluu ya jujitsu, kuna mtu anauza mikanda. Judo ni tofauti, huko bluu anaweza kuipata kijana mdogo, kwa hiyo msichanganye.

Na ukumbi wa watu wazima una hatari yake: vyuma. Mashine ikiwa mita moja kutoka mkekani, watoto wawili wanaobingirika wataifikia kabla mwalimu hajageuka.

Nesi wa watoto, Chake

Naomba niingie upande wa afya, maana kwenye michezo ya kushikana, ngozi ndiyo inayoleta kesi nyingi, mifupa ni michache.

Choa ndicho kikubwa. Kinapita ngozi kwa ngozi na kwa mkeka, na joto letu na unyevu vinakilea, hasa Disemba mpaka Machi na tena masika nguo zisipokauka. Alama ni duara lenye ukingo mwekundu unaowasha na katikati panapokuwa safi. Cha mwilini kinatibiwa kwa krimu ya klotrimazole mara mbili kwa siku, wiki mbili mpaka nne, na uendelee wiki moja baada ya duara kutoweka. Wazazi wengi wanaacha likififia, linarudi. Mtoto akae nje ya mkeka angalau siku tatu za mwanzo za dawa. Mapunye ya kichwani hayasikii krimu, yanataka vidonge vya hospitali kwa wiki kadhaa, na kurudi mkekani si kabla ya siku 14 za dawa. Msipake krimu yenye steroidi mliyouziwa dukani kwa ajili ya "muwasho": inaficha alama, kuvu wa choa anaenea chini yake.

Waulizeni wanasafisha mkeka lini na kwa kitu gani. Maji matupu na ufagio havitoshi. Dawa ya klorini ya nyumbani ya asilimia 3.5, vijiko viwili vya chakula katika lita moja ya maji, inapakwa baada ya mkeka kusafishwa kwa sabuni, inaachwa dakika kumi, kisha inafutwa kwa maji safi na mkeka unakauka kabla watoto hawajaingia. Mchanganyiko wa leo utumike leo, kesho una nguvu pungufu. Na asiingie mtu na viatu mkekani, wala asitoke miguu mitupu kwenda chooni kisha akarudi.

Kabla ya kuandikisha mwambieni mwalimu haya kama yapo: pumu, kifafa, selimundu. Mwenye selimundu asikatazwe moja kwa moja, lakini daktari wake aseme kwanza, anywe maji kabla, katikati na baada, apumzike anapotaka yeye, na asiachwe na nguo za jasho kwenye upepo. Mtoto mwenye ugonjwa wa Down apimwe shingo kabla ya mchezo wowote wa kurushana au kubingirika, pingili mbili za juu zinaweza kuwa zimelegea. Na kwa watoto wote, mazoezi ya kusimamia kichwa au kuweka daraja kwa shingo si ya umri huu.

Kichwa kikigongwa: anatoka siku hiyohiyo, harudi hata akisema yuko sawa. Akitapika zaidi ya mara moja, akizimia japo kwa muda mfupi, akiwa mzito wa kuamka, akidegedega, akipepesuka au akaona vitu viwili viwili, hospitali usiku huohuo. Vinginevyo kaa karibu naye kwa siku mbili, na mkekani asirudi mpaka awe hana dalili yoyote na daktari ameruhusu.

Bi mwalimu wa michezo, skuli ya msingi

Dada, nakujibu la binti. Hijabu haizuii. Inayofaa ni ile ya michezo ya kuvaa kichwani mara moja, kitambaa cha kuvutika, isiyo na pini hata moja wala mkia wa kufunga shingoni. Pini inatoboa, mkia unavutwa ukawa kabali. Chini ya koti la judo avae fulana ya mikono mirefu inayobana na suruali ndefu ya kubana, ili koti likifunguka, na litafunguka, asishughulike kujisitiri badala ya kukunja kidevu. Vikuku, hereni na herizi vinabaki nyumbani.

Uliza kama kuna wasichana wenzake wa uzito wake. Msichana mmoja kati ya wavulana kumi na tano huishia kukaa pembeni au kupewa kaka yake kila siku. Miaka minane bado wanachanganyika bila tabu sehemu nyingi, lakini muulize mwalimu mpango wake ni nini wakifika kumi au kumi na moja, kusije kukawa hakuna.

Jingine ambalo wazazi wengi wa hapa huliona wakiwa wameshalipa: kuinama. Judo inaanza na kumaliza kwa kuinamiana, na mashindanoni ni kanuni. Wapo wanaoiona ni salamu tu na wapo wanaosema inafanana na rukuu ya kwenye sala na hawaitaki. Wewe unajua msimamo wa nyumba yako. Uliza kabla, mueleze mwalimu unavyotaka, na mkubaliane mtoto atafanya nini mstarini, kupeana mkono au kusimama ametulia. Mtoto asitupiwe yeye mzigo wa kueleza.

Usalama wa watoto usiuonee haya kuuliza. Mlango wazi, mzazi anaruhusiwa kukaa siku yoyote bila taarifa, watu wazima wawili muda wote, kubadilisha nguo ni nyumbani, na mwalimu hamwandikii mtoto ujumbe wa simu, anakuandikia wewe. Mchezo huu una kushikwa sana, kwa hiyo mfundishe binti na kijana kushikwa kwa mchezo kukoje: mbele ya wote, kwa muda wa pambano, na "basi" inaheshimiwa na kila mtu, mwalimu akiwemo. Mahali panapokuambia wazazi wasubiri nje kwa sababu "watoto wanadeka", usipeleke.

Saa nazo. Saa kumi na nusu wengi wanatoka chuoni, yaani madrasa, moja kwa moja, hawajala tangu mchana. Mpe ndizi na maji saa moja kabla, wali usubiri. Na Ramadhani muulize ratiba mapema. Mtoto anayejaribisha kufunga nusu siku asipambane alasiri, atosheke na kubingirika.

Mwalimu wa judo, Mjini

Nimesahau ya ufukweni. Wale vijana wana vipaji na nawapenda kwa moyo wao, lakini uwanja wao unabadilika kwa maji. Maji yakipwa, mchanga uliolowa ni mgumu kama sakafu. Ule mkavu wa juu unameza mguu, anayesukumwa anageuka mwili na goti limebaki. Tena kuna vipande vya matumbawe. Kwa kukimbia, kutambaa na kubebana mgongoni ufukwe hauna mfano. Kurushana na kupindua sarakasi kwa miaka sita, hapana, na pindu za nyuma hapana kabisa.

Mama wa wawili, Fuoni

Ahsanteni sana, nimeandika yote daftarini. Nimekwenda kutazama mbili.

Judo: watoto 22, mwalimu mmoja na msaidizi mmoja. Mkeka ni tatami nene, maungio mawili yameachana. Kuanguka walifanya robo saa, vizuri, kidevu kifuani wote. Lakini walipofika kushikana, wa miaka saba alipewa wa miaka 12, nikafumba macho. Mwalimu alisema mtoto mpya harushwi mpaka amridhishe yeye. Wasichana wanne.

Jujitsu: watoto tisa, mwalimu mmoja, na mama mmoja anayesaidia. Mkeka wa vipande vya kuungana, nilipopiga goti nilisikia sakafu kidogo. Wote walianza kwa magoti, hakuna kabali. Mmoja alichelewa kuachia akakalishwa pembeni dakika tano. Wasichana wawili. Mashine ya vyuma iko kama hatua mbili kutoka mkekani. Mkeka ulifutwa kwa dawa mbele yangu.

Mtu wa jujitsu, Bububu

Mkeka huo unafaa kwa magoti, haufai kurushana. Muulize kama wanafanya kurushana siku yoyote. Wakifanya, iwe kuanguka kwenyewe tu au waongeze tabaka la pili. Hatua mbili za mashine ni chache: waisogeze, au waweke mstari wa tepu mita mbili ndani na mtoto akiuvuka mwalimu asimamishe.

Mwalimu wa judo, Mjini

Mama, mimi ni mtu wa judo, na judo hapa Unguja ina mizizi tangu miaka ya 1990, ningependa uje kwetu. Lakini kwa ulivyoeleza, kijana wa kilo 19 aanze kwa wale tisa wa jujitsu kwa miezi mitatu minne, mashine ikisogezwa. Watoto 22 kwa watu wazima wawili ni wengi kwa umri wake, nataka mtu mzima mmoja kwa wanane, kumi wakizidi. Na lile la miaka saba kupewa wa 12 si ajali, ndivyo darasa lilivyopangwa. Nenda ukamwambie yule mwalimu kwa heshima, faraghani, si mbele ya wanafunzi: "Maalim, unaweza kuwagawa wadogo saa ya kwanza na wakubwa saa ya pili?" Wengi hawakatai, wanakosa tu mzazi wa kuwaambia. Akiwagawa, rudi, maana kuanguka anafundisha vizuri, na hilo kule kwa magoti kijana wako hatalipata la kutosha.

Binti wa kilo 26 yeye angeweza kuanza judo hata sasa kama mmoja wa wale wasichana wanne ana kilo 24 mpaka 29. Muulize.

Mashindano yasikusumbue kabisa kwa sasa. Japani wenyewe mwaka 2022 walifuta mashindano ya taifa ya mtu mmoja mmoja kwa watoto wa skuli za msingi, kwa sababu watoto walikuwa wakipunguzwa uzito na wazazi na makocha wakipigania medali. Akikuambia mtu kijana wako apunguze kilo moja ili aingie kundi la chini, mchukue mwende nyumbani.

Usilipe mwaka mzima, lipa mwezi. Wala usinunue koti bado. Mwezi wa kwanza fulana nzito na suruali isiyo na mifuko wala zipu, kidole kikiingia mfukoni kinavunjika. Ukifika wakati wa kununua, namba za koti ni urefu wa mtoto kwa sentimita, zinakwenda kumi kumi: mwenye 115 mnunulie 120, pamba itapungua kidogo ikifuliwa. Ukiliona la mitumba, vuta kola kwa mikono miwili, ikilia ina nyuzi zilizokufa, liache. Fua kwa maji baridi, anika juani. Masika koti moja halikauki kwa siku moja, kwa hiyo mawili, au fulana ya akiba.

Mama wa wawili, Fuoni

Nimempigia wa jujitsu, mashine itasogezwa kesho, na kurushana hawafanyi mpaka mkeka wa pili uje. Wa judo nitamkuta baada ya darasa. Binti nimpime kilo na nguo au bila?

Mwalimu wa judo, Mjini

Na nguo nyepesi, asubuhi, kabla ya chai. Umwandikie mwalimu na urefu pia. Na ukate kucha za wote wawili, za miguu vilevile, usiku kabla ya darasa.